Mkonge Ulihesabiwa, Mimba za Mama Zetu Zikapita Kimyakimya

Sisi wa Tanga kwa stori za mkonge hutuwezi. Kaa na mzee yeyote kijiweni Ngamiani, mnunulie kahawa na kashata, ataanza mwenyewe: kulikuwa na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, akaagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vingi vikafia njiani. Vilivyofika Hamburg vikiwa na uhai ni kama 200 hivi, na vilivyoshika ardhi huku kwetu, pale Kikogwe upande wa Pangani, mwaka 1893, vilikuwa 62 tu. Sitini na mbili, wadau. Kutoka hapo ndo ikaja Tanga ya mashamba, manamba, marobota na meli.

Hiyo stori nimeisikia tangu shule ya msingi na sikuwahi kuiwazia mara mbili. Juzi juzi nikawa naisoma tena usiku, nikakwama kwenye ile namba. Yani mtu alikaa chini akahesabu miche iliyokufa, akaandika. Miaka zaidi ya 130 imepita, na mimi kijana wa Makorora najua miche mingapi haikufika. Ila mwaka huohuo, hapohapo Pangani, kuna wanawake mimba zao ziliharibika. Wengine walikuwa watu wazima kabisa, wana watoto wanne watano ndani, wakaamka kesho yake wakawasha moto wakapika. Hao hakuna aliyewahesabu, wala majina yao hatuna.

Leo nataka nizungumzie hao. Najua dume zima kuandika mambo ya mimba, kitaa watasema nimeishiwa cha kuposti. Poa tu. Kitu hiki kimenikaa tangu 2013.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza Julai. Nilikuwa kidato cha kwanza. Bi mkubwa alikuwa na miaka 43, watoto watano, na meza yake ya sambusa na kaimati nje ya nyumba ambayo kuanzia saa kumi jioni ilikuwa na foleni. Dada yetu mkubwa alishaolewa Pongwe na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nyumba nzima ilikuwa inaizungumzia mimba ya dada. Ya mama hakuna aliyeizungumzia, na sisi watoto hata hatukujua kama ipo. Alikuwa anavaa dera pana, juu kajifunga kanga, anakaanga sambusa zake, basi.

Asubuhi moja, mfungo ndo kwanza una siku tatu, mlango wa chumba chake ukafungwa. Bibi akaja, mama mkubwa akaja, mlango ukawa unafunguliwa kidogo na kufungwa. Mimi nikawa wa kutumwa: mara maji ya moto, mara ndoo, mara pamba dukani. Sikuuliza. Kwetu mtoto wa kiume huulizi vitu vya chumbani kwa mama. Alfajiri iliyofuata, baada ya daku, nikamwona bibi anatoka na beseni dogo limefunikwa kanga, mama mkubwa nyuma yake, na baba nyuma kabisa kashika jembe, kichwa kainamisha. Walirudi kabla jua halijapanda. Hakuna aliyesema neno.

Siku ya nne bi mkubwa alikuwa mezani anakaanga.

Nilichokuja kugundua ni kitu kimoja: alikuwa hafungi. Siku ya kumi hafungi, siku ya ishirini hafungi, na haswali. Nikajua ana ugonjwa mbaya wanatuficha. Nikaanza kuhesabu siku kimoyomoyo bila kumwambia mtu. Iddi ikaja ikapita. Siku ya 38 nikamkuta katandika mswala, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na wala sikujua nalia nini.

Wakati huo mtaa ulishaanza maneno. "Kwa umri ule? Anashindana na binti yake?" Na lile baya kuliko yote, ambalo nililisikia dukani nikiwa nimetumwa sukari: "Kaitoa yule."

Hebu tukae kwanza na hilo neno. Kiswahili chetu kitamu kweli, ila hapa kimewafanyia wanawake kitu kibaya. Mimba *imetoka*. Mimba *ameitoa*. Kitenzi ni kilekile, ukibadilisha mwisho tu mtu anahama kutoka kwenye msiba anaingia kwenye kesi. Ndo maana wanawake wengi wa pwani hawasemi hata "imetoka." Utasikia "imeharibika," au "niliumwa," au "haikuwa riziki." Wanalikimbia neno kwa sababu wanajua liko hatua moja tu kutoka kwenye lile jingine.

Na hiyo hofu ina historia yake, haijatoka hewani. Mwingereza alipoichukua Tanganyika akatuletea Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, na mambo ya kutoa mimba akayaandika kwa fikra za sheria za kwao za karne ya 19. Mpaka leo vifungu viko palepale, cha 150 mpaka cha 152: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria kifungo mpaka miaka 14, mwanamke mwenyewe mpaka 7, aliyetoa dawa au kifaa mpaka 3. Mimba iliyoharibika yenyewe siyo kosa popote pale kwenye sheria. Lakini damu ni damu, na mwanamke anapofika kituo cha afya anavuja, aliyeko mezani anawaza yote mawili. Bi mkubwa alipelekwa sehemu kusafishwa kizazi siku ya pili yake, maana damu ilikuwa haikati. Swali la kwanza aliloulizwa, kabla ya jina, lilikuwa: "Umetumia nini?" Hili dada alinihadithia baadaye sana. Mama mwenyewe hajawahi kulisema mbele yangu. Na simtaji aliyeuliza wala mahali, maana hata yeye naamini alifundishwa kuogopa.

Sasa turudi nyuma zaidi, kabla ya Mwingereza.

Wajerumani si kwamba hawakujali kabisa kuzaa kwa Waafrika. Walijali, tena sana, ila kwa hesabu zao. Mashamba ya mkonge, mpira na kahawa yalitaka mikono, na ilipofika miaka ya 1900 na kitu serikali yao ya kikoloni ikawa na wasiwasi kwamba watu ni wachache na watoto wanakufa wengi. Kuna daktari wao, Otto Peiper, alikuwa Kilwa, akaandika mwaka 1910 kuhusu vifo vya watoto wachanga kwenye wilaya ile. Kwa hiyo hapo angalau kuna mtu kauliza. Ila elewa alikuwa anaulizia nini. Mtawala aliyesoma ripoti kama ile alikuwa anaangalia shamba litapata vibarua wangapi miaka ijayo. Mama wa miaka arobaini na kitu aliyepoteza mimba ya sita hakuwa kwenye swali hilo. Alikuwa kama ule mche wa 63: haukufika, sogea mbele.

Upande wa wenyewe tuna Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitoka Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la *Desturi za Wasuaheli* chini ya uhariri wa Carl Velten. Kama hujawahi kukisikia hicho kitabu, kitafute. Kinaeleza maisha ya pwani mwanzo mpaka mwisho: mimba, uzazi, wakunga, jando, harusi, mazishi. Mtoro anaeleza vizuri mno. Lakini alikuwa mwanaume, kama mimi, na kama mimi alikuwa nje ya mlango. Mwanaume anaweza kukueleza maji ya moto yaliingia na beseni lilitoka. Cha katikati wanajua wanawake.

Ndo maana nikaanza kutafuta sehemu nyingine ambako hii historia imeandikwa, na nimegundua iko nyingi tu, ila haijaandikwa kwa wino.

Sehemu ya kwanza ni majina ya watu. Angalia majina ya bibi zetu na wazee wetu Tanga, Muheza, Pangani, Mkinga: Mashaka, Tabu, Shida, Sikudhani, Sikujua, Masumbuko, Subira, Riziki. Sisi tunayachekea tukiyasoma kwenye orodha ya wapiga kura. Sisemi kila Mashaka alizaliwa baada ya mimba kuharibika, wengine walizaliwa mwaka wa njaa, wengine baba kaondoka. Lakini uliza kwenu. Mimi nimeuliza watu wazima wanne wenye majina hayo, watatu wakanijibu kitu kilekile: "Mama alikuwa amepoteza kabla yangu." Mwanamke wa miaka hiyo hakuwa na sehemu ya kuandika, basi akaiandika kwa mtoto aliyefuata. Sikudhani, yani sikudhani kama huyu atabaki. Hilo ni jina, na ni kumbukumbu ya mwingine ambaye hakupata jina.

Sehemu ya pili ni dini. Hapa nilishangaa kweli, kwa sababu nilidhani dini haina neno juu ya hili. Kumbe pwani yetu, ambayo kwa miaka mingi imefuata madhehebu ya Imam Shafi, ina utaratibu wa karne na karne. Mtoto aliyetoka akaonyesha dalili ya uhai, hata kilio kimoja, anafanyiwa yote: anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anazikwa. Ambaye hakuonyesha uhai ila mimba ilifika miezi minne, anaoshwa, anavishwa sanda na kuzikwa, ila kwa Shafi haswaliwi, japo wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaosema aswaliwe. Na aliye chini ya hapo anafunikwa kitambaa na kufukiwa kwa heshima. Tena wanazuoni wamependekeza apewe jina.

Mimba ya bi mkubwa ilikuwa miezi minne na nusu. Lile beseni sasa nalielewa. Ile kanga ilifunika maiti ya mtu, na ile safari ya alfajiri ilikuwa mazishi. Na zile siku 38 zilikuwa nifasi. Mwanamke aliyetokwa na mimba iliyoanza kuumbika anahesabiwa ni mzazi, kwa hiyo haswali, hafungi, mpaka damu ikatike, kawaida siku arobaini hivi, na kwa Shafi inaweza kufika mpaka sitini. Yani wakati mtaa mzima unasema hakuna kilichotokea, mwili wake kisheria ulikuwa na hadhi ya mtu aliyezaa. Mimi nilikuwa nahesabu ugonjwa, kumbe nahesabu uzazi.

Zamani hiyo hadhi ilikuwa na huduma yake. Bibi ananiambia enzi zao aliyeharibikiwa mimba kubwa alikandwa maji ya moto kama mzazi yeyote, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akapewa supu ya kuku, na kuna mtu wa kumfulia na kumshikia watoto. Watu hawakuongea sana, ila walifanya. Naogopa sisi wa mjini tumebaki na kule kutoongea, kule kufanya tumekuacha. Bi mkubwa alikandwa siku tatu tu. Bibi alikuwa na wajukuu wengine, mama mkubwa ana biashara, na sambusa zina oda. Siku ya nne mezani.

Kusini mwa nchi watafiti waliwahi kukaa na wanawake wa vijijini wakaongea nao kuhusu haya, wakachapisha 2010, na ukisoma utadhani wameandika kuhusu mtaa wetu. Wanawake walikuwa wanaficha, mazishi yanafanywa na wazee wa kike faraghani, mama haruhusiwi kulia sana, na hata maneno ya kutofautisha mimba iliyoharibika na mtoto aliyezaliwa mfu yalikuwa yanaingiliana. Hoja yao ilikuwa kwamba kwa sababu hiyo takwimu zetu zinapotea. Mtu anakuja na karatasi anauliza, mama anajibu "sina."

Na hapo tunarudi kwenye kuhesabu. Sensa yetu huuliza mwanamke watoto waliozaliwa *hai*. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Tanga una watu zaidi ya milioni 2.6, kila mmoja kahesabiwa, na ambao hawakupumua hawamo. Ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya ya uzazi, ambao ulianza kufanyika hapa nchini 1991, kwa miaka mingi historia iliyoulizwa kwa kirefu ilikuwa ya watoto waliozaliwa hai. Toleo la 2022 ndo likaja na historia ya mimba zote, moja moja, ikiwemo iliyoharibika na aliyezaliwa mfu. Miaka 30, wadau.

Kuna kitu kimoja tu kidogo ambacho kimekuwa kikiuliza muda wote: kadi ya kliniki. Tangu huduma ya afya ya mama na mtoto ilipotanuliwa nchi nzima miaka ya 1970, mjamzito anapewa kadi, na kwenye kadi kuna mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi, watoto walio hai wangapi, zilizoharibika ngapi. Kwa mwanamke wa kawaida wa Tanga hiyo kadi ndo kitabu pekee cha historia yake. Na ikishamaliza kazi inafungiwa vitumbua. Natania, ila si sana.

Kadi hiyohiyo pia ina sehemu ya vidokezo vya hatari, na kimojawapo ni umri wa zaidi ya miaka 35. Hapa lazima niseme sayansi kidogo, maana mtaani wanasema mimba ya ukubwani inaharibika kwa kijicho, au kwa sababu mama anaona aibu, au kafanya kazi nzito. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, kwa hiyo akiwa na miaka 43 na yai lina miaka 43. Yai lililozeeka linakosea zaidi kugawanya kromosomu, na mimba ikianza na kosa hilo mara nyingi haifiki. Kuna utafiti wa Norway uliochapishwa 2019, nchi ambayo kila kitu kinaandikwa: wenye miaka 25 mpaka 29 mimba iliyoharibika ni kama 1 kati ya 10, wenye 45 na kuendelea ni zaidi ya nusu. Norway, wadau, kwenye hospitali za Norway. Haihusiani na jirani wala na karai la sambusa.

Huku kwetu kuna la ziada, malaria, na hili Tanga imechangia dunia nzima. Watafiti wa Kisumu, Kenya, walionyesha mwaka 1996 kwamba kimelea kinajibanza kwenye kondo la nyuma kwa namna yake. Muheza ikafuata, kuanzia 2002 kinamama waliojifungua pale wakafuatiliwa pamoja na watoto wao. Halafu Korogwe, kati ya 2008 na 2010, karibu wanawake 1,000 wakapimwa kwa ultrasaundi tangu mimba ikiwa changa kuona malaria inafanya nini. Na kuanzia 2014 kuna utafiti Korogwe na Handeni uliowaandikisha wanawake *kabla* hawajapata mimba. Huu ndo ulionigusa. Kwa sababu wengi wetu kliniki mama zetu walienda mimba ikiwa miezi minne mitano, zilizoharibika kabla ya hapo hazikuwahi kuonwa na daktari yeyote. Ili uzione lazima umfuate mwanamke kabla. Kina mama hao wa Korogwe na Handeni hatujui majina yao, na hawatakiwi kutajwa. Ila safari hii angalau wamehesabiwa.

Lakini angalia, malaria ya kwenye kondo inawapiga zaidi wenye mimba ya kwanza, kwa sababu mwili haujawahi kukutana nayo kwa sura ile. Mwenye mimba ya sita ameshajenga kinga. Kwa hiyo utafiti ukawatazama zaidi wasichana, na ni sawa. Mama wa miaka 43 akabaki pembeni tena.

Na hapa ndo naona mzigo wao ulivyo wa kipekee. Binti akipoteza mimba ya kwanza watu watamwonea huruma, watamwombea. Mama mtu mzima anaambiwa "si una wengine?" Utafikiri watoto ni sahani. Halafu kuna ile ya kwetu kwamba binti akianza kuzaa mama anatakiwa afunge. Sijui ilianza lini, ila bibi anasema aliikuta na mama yake aliikuta. Kuzaa sambamba na binti yako ni aibu. Wakati huohuo nchi hii wastani ni watoto 4.8 kwa mwanamke kwa hesabu za 2022, yani kushika mimba ukiwa na arobaini na kitu ni jambo la kawaida kabisa. Tunafanya kitu cha kawaida halafu tunakionea haya. Kikiharibika, haya inakuwa mara mbili, na huzuni inakosa pa kukaa.

Bi mkubwa hakuwa na pa kuiweka. Alikuwa na sisi watano, mmoja anataka ada, mmoja anataka nguo ya Iddi, na Pongwe kuna binti mjamzito wa kwenda kumkanda akijifungua. Na alienda. Dada alijifungua Novemba, mama akakaa naye arobaini nzima, anamkanda, anampikia uji. Nilimwona anamshika yule mjukuu. Nilikuwa mdogo lakini niliona anachelewa kumrudisha.

Watu wakiongelea haki huwa wanakimbilia likizo. Sawa, tuiguse. India sheria ya 1961 ilimpa aliyeharibikiwa mimba wiki sita. Ufilipino siku 60 kwa sheria ya 2019. New Zealand siku tatu tangu 2021, na wakapongezwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilitoa siku 84 za uzazi, na nyingine 84 kama mtoto akifariki ndani ya mwaka, ila mimba iliyoharibika haikuwekwa hapo. Iwekwe, mimi nitashangilia. Lakini mwenye meza ya sambusa likizo anaombea kwa nani? Kwa karai? Kwa wanawake wengi wa Tanga likizo ni mtu wa kuja kushika mwiko. Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka 13, mikono miwili, na kukaanga sambusa nilikuwa najua. Hakuna aliyeniomba, na mimi sikujitolea.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alipata mimba, bi mkubwa akamsindikiza kliniki. Waliporudi tukakaa barazani, kadi ikawa inazunguka mikononi. Mdogo wangu akawa anacheka nesi alivyokuwa anauliza haraka haraka: mimba ya ngapi, walio hai wangapi, zilizoharibika ngapi.

Bi mkubwa akasema, taratibu tu, huku anamenya vitunguu: "Mimi yangu ingeandikwa saba."

Tukanyamaza. Sisi tupo watano. Ya Ramadhani niliijua, kwa hiyo sita. Saba?

Akaweka kisu chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Dada. Kaka. Halafu mmoja ambaye hatukuwahi kumsikia, kati ya kaka na mimi, miezi mitatu, "huyo hata baba yenu hakumjua." Halafu mimi, halafu wadogo zangu wawili, na wa mwisho yule wa 2013. Na huyo wa mwisho akamtaja kwa jina. Ana jina. Miaka yote ile alikuwa na jina, bibi alimwita hivyo alfajiri ile kabla ya kumfunika.

Nikamwomba ruhusa niandike haya. Akafikiri, akasema andika, ila hilo jina usiliweke huko mtandaoni, ni letu.